Kiwanda cha Nywele za Kioo

Yote yaliyomo humu ni kweli. Si kweli ya siku ya soko. Ni kweli ya kuapia mbele ya padri na shehe wakiwa wamekaa benchi moja. Msimulizi wenu ameyasimulia mara nyingi hotelini kwa Salma, hapa hapa Malindi yetu ya milimani Lushoto, si ile ya pwani, na kila mara huweka ahadi ile ile: atakayemnasa kwa uongo hata mmoja, basi yeye msimulizi atawalipia chai na chapati wote waliomo ndani, pamoja na wale wanaochungulia dirishani. Mpaka leo hajalipa. Ieleweke pia, kabla hatujaenda mbali, kwamba msimulizi hakuhusika na jambo hili kwa njia yoyote. Siku zile alikuwa Korogwe, akimuuguza shangazi.

Haya. Ulikuwa mwaka ule wa nguvu kazi, serikali ilipotaka kila mtu mzima wa mjini aonyeshe kazi anayoifanya, na asiye nayo akabidhiwe jembe na kupelekwa shambani. Mjini Tanga alikuwako bwana mmoja, Hezekia, ambaye kazi yake ilikuwa kusema. Alisema vizuri. Aliwahi kumuuzia mtu nafasi kwenye foleni ya sukari, na nafasi yenyewe ilikuwa ya yule yule mnunuzi. Viganja vyake vilikuwa laini kama maandazi yaliyolala, na alivitunza kwa sababu: alizaliwa kambini Kwamkoro, kwa wachuma chai waliotoka Njombe, akaona mapema sana mikono ya baba yake na ya mama yake ilivyogeuka magome. Akaapa kwamba jembe na yeye watakutana kaburini, tena likiwa limeshikwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo mgambo walipoanza kupita nyumba kwa nyumba Tanga, Hezekia alipanda gari la kwanza lililokuwa na injini inayolia, akashukia Mombo, chini ya milima ya Washambaa, akiwa na njaa na mfuko wa turubai. Akanunua karanga. Karanga zilifungwa kwa ukurasa wa gazeti la ng'ambo, na Hezekia, ambaye hakutupa karatasi yenye maandishi hata siku moja, aliukunjua.

Juu palikuwa na picha ya kitita cha nywele, kila unywele unawaka nchani kama kimulimuli. Chini palikuwa na chati yenye mstari unaopanda. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini aliokota ya kutosha: kwamba huko Ulaya na Japani wamevumbua nyuzi za kioo, nyembamba kama nywele, zinazobeba sauti ya simu kwa mwanga badala ya waya wa shaba, na kwamba viwanda vinavyotengeneza nyuzi hizo na viungio vyake vinakua kama uyoga baada ya mvua.

Hezekia akatafuna karanga. Akatazama mlima. Kuna sonara mmoja mjini Tanga aliyewahi kumnong'oneza kwamba huko juu, chini ya mafiga ya Washambaa, zimelala rupia za fedha za Mjerumani ambazo wenyewe wanaziogopa kuliko wanavyozipenda. Akatazama tena picha. Akautazama mfuko wake, ambamo mlikuwa na bunda la mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, aliokuwa ameukopa bila kumsumbua mwenyewe kwa kumweleza.

"Mungu," akasema Hezekia kwa unyenyekevu, "hulisha hata wasiolima."

*

Basi lilipofika Malindi, mtu wa kwanza kumpokea alikuwa Danieli, mgambo wa kijiji, amesimama kituoni na rungu na kofia iliyomzidi.

"Ndugu, kitambulisho cha kazi."

Hapo mtu mwingine angejikojolea. Hezekia alinyoosha mkono, akaivua ile kofia kichwani kwa mgambo, akaivaa yeye.

"Mtani! Kofia hii nimeichukua. Ikomboe!"

Watu kituoni wakaduwaa. "Wewe nani?" akauliza Danieli.

"Mzigua wa Handeni! Kwani huoni nilivyo mzuri? Nyie Washambaa mnalima ukutani. Kiazi kikimponyoka mtu huku, anakwenda kukiokota Mombo!"

Kituo kizima kikacheka. Msomaji asiyejua utani wa Wazigua na Washambaa aelewe jambo moja tu: mtani anaweza kukunyang'anya kitu mbele za watu, akakutukana juu yake, na wewe huruhusiwi kukasirika. Unakikomboa kitu chako kwa chochote atakachotaka mtani, na yeye naye siku yake ikifika atakomboa chake. Anayekasirika ndiye mwenye aibu. Danieli akakomboa kofia kwa ndizi mbivu, na habari ya kitambulisho ikazikwa hapo hapo bila tanga wala matanga.

Hezekia alikula ile ndizi akiwaza kwamba utani ni bora kuliko pasipoti.

Ndani ya juma lile alijitwalia kwa watu karibu kila alichohitaji. Alikwapua mwavuli wa bibi Jenoveva, mjane aliyeogopwa na wote kwa ulimi wake, kisha akarudi akakwapua na jogoo.

"Jogoo huyu, bibi, ni wa mtani!"

"Mchukue," akasema Jenoveva. "Nyie Wazigua mnalima mawe mkavuna njaa, lazima mle vya watu. Lakini umle hapa hapa, nikuone unavyotafuna, nikutukane vizuri."

"Nitamla chumbani, bibi. Nina kazi nyingi."

Jenoveva alimtazama mgongo mpaka akapotea kwenye migomba. Hakusema kitu. Kwa Jenoveva, kutosema kitu ilikuwa dalili ya ugonjwa, na jirani yake alimuuliza kama anajisikia vibaya.

*

Mwenyekiti wa kijiji, ndugu Abrahamu, alikuwa mtu mwema mwenye kidonda kimoja: kijiji cha bonde la pili kilikuwa kimepata mashine ya kusaga. Kila upepo ulipovuma kutoka kule, mashine ilisikika ikimcheka.

Hezekia alimtandikia ule ukurasa mezani, akiwa ameufuta mafuta ya karanga.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Mimi ni injinia. Soma mstari huu."

"Marahaba. Unapanda," akasema Abrahamu kwa uangalifu.

"Unapanda kama nini?"

"Kama... kama barabara ya kutoka Mombo."

"Na barabara ya kutoka Mombo inaishia wapi?"

"Lushoto."

Hezekia akaegemea kiti. "Mimi nimemaliza, Mwenyekiti. Umesema mwenyewe."

Kisha akamweleza. Leo mkulima wa Malindi anakata kabichi, anazipakia kwenye matenga, zinashuka mpaka Dar es Salaam, na zikifika Kariakoo anakuta bei imekufa jana. Kwa nini? Kwa sababu simu iko Lushoto mjini, na anayetaka kupiga hukaa posta tangu asubuhi, na akiipata laini husikia mlio wa maji yanayochemka. Lakini sauti ikipita katika unywele wa kioo! Mkulima atauliza bei kabla hajanoa panga.

"Na unywele huo unatengenezwa na nini?" akauliza Abrahamu.

"Chupa."

"Chupa hizi hizi?"

"Chupa, chemni za taa, vigae vya dirisha. Kiwanda cha kwanza cha nywele za kioo Afrika nzima, Mwenyekiti. Mashine ya kusaga ni nini? Ni meno tu."

Abrahamu aliposikia mashine ya kusaga inaitwa meno, akili yake iliaga, ikachukua kofia, ikaondoka.

Maonyesho yalifanyika mchana, ndani ya ghala la kijiji, madirisha yamezibwa mablanketi. Hezekia alinyoosha kitita cha mshipi kutoka kona moja hadi nyingine, akakizungusha nguzo, akamwambia Danieli abane kurunzi kwenye ncha ya huku. Kule ncha ya pili, gizani, vikatokea vijinukta vya mwanga, vimefifia kama macho ya paka mgonjwa.

Kama Hezekia angeyafanya haya Tanga, mtoto wa darasa la kwanza angemwambia, "Huo si mshipi wa baba?" Lakini Malindi hakuna bahari, na samaki hufika wamekaushwa, bila kamba yao.

"Umepinda kona!" akapiga kelele Rajabu, mwenye duka. "Mwanga umepinda kona, kama basi!"

"Tena bila kupiga honi," akasema Hezekia.

*

Ndipo biashara ikaanza kukua, na msimulizi anaomba msomaji asimame kwa heshima, kwa maana hajawahi kutokea ukuaji wa namna ile.

Kiwanda kilipata mwenyekiti siku hiyo hiyo. Kesho yake kikapata katibu. Ikaonekana si busara mwanga uende bila usimamizi, basi akachaguliwa Msimamizi wa Mwanga wa Kwenda. Watu wa ukoo wa pili wakanuna, akachaguliwa na Msimamizi wa Mwanga wa Kurudi. Kabla hatujavuta uzi hata mmoja tulikuwa na mlinzi wa nyuzi, tena wa zamu mbili. Rajabu akafunga mlango wa duka akaanza kukusanya chupa za kijiji kizima ili akiuzie kiwanda kwa bei ya viwanda. Watu walipotaka mafuta ya taa waliyabeba kwenye vibuyu. Zilizuka tetesi za kufungua tawi. Tawi la nini, hakuna aliyeuliza. Mti mzuri lazima uwe na tawi. (Msomaji ataona msimulizi anasema "tulikuwa." Ni uzalendo tu. Yeye alikuwa Korogwe.)

Chupa zikajaa ghala. Hezekia akasimama mbele ya wanakijiji, uso umejaa msiba.

"Ndugu zangu, kuna shida. Mwanga unavuja."

"Unavuja?"

"Nyie ni watu wa mifereji. Maji ya mfereji usiosakafiwa yanafika shamba la mwisho?"

"Hayafiki!" wakajibu wote. Kwenye habari ya mifereji huwezi kumdanganya Mshambaa. Ndiyo maana Hezekia alianza na la kweli.

"Basi unywele wa kioo lazima usakafiwe kwa fedha ndani kwa ndani, kama kioo cha kujitazamia kilivyopakwa mgongoni. Si fedha ya noti. Fedha yenyewe, madini. Rupia za Mjerumani, bangili, chochote. Kila atakayetoa atakuwa na unywele wake mwenyewe hadi Kariakoo. Asiyetoa," akashusha pumzi, "ataomba kupigia simu kwa jirani."

Kisha kila mtu akakumbuka kwamba ameacha kitu jikoni.

Walileta mmoja mmoja, wamefunika kwa kanga, wakitumbukiza kwenye mfuko wa turubai bila kuonyeshana, kwa sababu mwenye rupia hapendi ijulikane anazo, na asiyenazo hapendi ijulikane zaidi. Hezekia, kwa adabu, alikuwa akitazama pembeni. Alisikiliza tu mlio: *kling*. *Kling*. Usiku alilala amekumbatia mlio huo.

Wa mwisho alikuja Jenoveva. Hakufunika. Alifumbua kitambaa, akaonyesha rupia za mama yake, nyeusi kwa moshi wa mafiga, alizoachiwa kwa sharti kwamba asizitoe ila kwa jambo la watoto.

"Wanangu wako Dar wote," akasema. "Marta amejifungua mwezi uliopita, sauti ya mjukuu sijaisikia. Injinia, uzi huu utafika?"

Safari hii Hezekia hakutazama pembeni; alizitazama rupia zile moja moja.

"Utafika, bibi."

"Mtani hadanganyi kwenye mtoto," akasema Jenoveva, na rupia zikaingia. *Kling*.

*

Asubuhi ya kuondoka, kijiji kizima kilikuwa kituoni. Injinia anapeleka fedha Tanga kuyeyushwa, atarudi juma lijalo na mashine ya kupaka. Abrahamu alikuwa amevaa koti la harusi. Danieli mgambo alikuwa ameambiwa apige saluti. Basi linanguruma, utingo analipiga ubavuni, "Lushoto, Soni, Mombo! Twende!" Hezekia ameinua mguu mmoja kwenye ngazi, mfuko begani, mzito kama dhambi tamu.

Mkono ukatoka nyuma, ukauvuta ule mfuko kwa ghafula hata akayumba. Alipogeuka, bibi Jenoveva alikuwa ameshauweka chini, ameukalia, ametandaza na kanga juu ya magoti.

"Mtani!" akasema. "Mzigo huu nimeuchukua. Ukomboe!"

Kituo kikalipuka kwa kicheko. Hata utingo alicheka. Abrahamu peke yake ndiye aliyekurupuka.

"Bibi, hiyo ni mali ya kiwanda!"

"Mwenyekiti, utani hauna mwenyekiti. Rudi pale kwenye koti lako."

Hezekia naye akacheka, kicheko cha mtu anayemeza mfupa. "Haya bibi, umenipata, hodari wewe! Nikukomboe kwa nini? Chukua shati."

"Shati lako linanuka uinjinia. Nataka jogoo wangu."

"Jogoo... bibi, jogoo si nilimla?"

"Nani alikuona?"

"Hakuna, nilimla ndani."

"Ndiyo," akasema Jenoveva taratibu, na kicheko cha watu kikaanza kupungua. "Ndani, mlango umefungwa. Mimi nimekaa na Wazigua kwenye misiba na harusi maisha yangu yote. Mtani akinyang'anya jogoo, humla mlangoni kwako, akikulambia vidole usoni na kukuuliza kama una mwingine. Utamu wake ni huo. Anayemlia mafichoni, huyo si mtani. Kwetu ana jina lingine."

Honi ikalia. Hezekia akautazama mfuko, akalitazama basi, akamtazama bibi. "Acha mchezo, bibi. Nipe mzigo wangu."

"Amekasirika!" akapiga kelele mtu. "Mtani kakasirika!"

Danieli akashusha mkono wa saluti. Rungu likapanda kidogo. "Kwani wewe, ndugu," akauliza, "kama si Mzigua, ni nani? Maana kitambulisho chako cha kazi sijakiona mpaka leo."

Sasa tazama mtego ulivyo safi. Seremala asingeuchonga hivyo. Akisema si mtani, basi ni mwongo, na injinia naye ni mwongo, na nguvu kazi ipo hapo imesimama na rungu na kofia kubwa. Akisema ni mtani, mzigo ni wa bibi mpaka aukomboe, na bibi ndiye anayetaja bei. Aliyesuka kamba ile ni Hezekia mwenyewe, siku ya kwanza kabisa, kwa ajili ya ndizi.

"Mimi," akasema kwa sauti ndogo, "ni mtani."

"Basi vizuri," akasema Jenoveva. "Jogoo huna. Nina kishamba cha kabichi pale ukutani, kama ulivyopaita. Utanilimia. Kabichi zikishika vichwa, umenikomboa."

Basi likaondoka. Mstari ule ule uliopanda kutoka Mombo, likaufuata kuteremka, na nafasi ya Hezekia ikakaliwa na tenga la plamu.

*

Mfuko ukamwagwa hapo hapo kituoni, juu ya kanga, ili kila mtu achukue chake. Na hapo ndipo Malindi ilipojifunza zaidi ya ilivyotaka. Kwa maana zilikuwamo rupia za Jenoveva, nyeusi, zinazolia. Na vilikuwamo vijiko vya alumini vilivyopondwa vikawa duara. Vizibo vya soda vilivyonyooshwa. Kipande cha kopo la dagaa. Kutoka kwa Mwenyekiti Abrahamu, bila ya shaka yoyote maana kilikuwa na herufi zake, kifuniko cha birika. Kutoka kwa Rajabu, nati ya pikipiki.

Hezekia alichuchumaa akavitazama vyote. Kijiji kizima kilikuwa kimemwibia mwizi kabla hajaiba. Isipokuwa mmoja, naye ndiye aliyekuwa amekalia mfuko.

"Kumbe mngeniaibisha kwa sonara," akasema kwa uchungu wa kweli. "Watu hamna haya."

Kila mmoja akaokota chake akitazama mawingu. Kikabaki kitu kimoja tu kisicho na mwenyewe: kikopo cha ugoro, kimepakwa rangi ya fedha, kimebonyea ubavu. Hakuna aliyekitambua. Abrahamu akakiweka dirishani ofisini ili mwenyewe aje kwa siri, na kweli, asubuhi hakikuwepo.

Hezekia alilima. Siku za mwanzo alilishika jembe kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia, na Jenoveva alikaa juu ya jiwe akimtukana kwa furaha, "Lima, Mzigua wa Njombe!" maana alikuwa ameshamtoa ukweli wote. Kabichi ziliposhika vichwa, bibi alimpeleka Lushoto posta na rupia moja, akaambiwa posta haipokei rupia, akauza kabichi. Hezekia akakaa naye kwenye foleni tangu asubuhi, na hakuiuza nafasi yake wala ya mtu. Jioni ile Jenoveva alishika simu kwa mikono miwili, akasikia maji yanachemka, na ndani ya maji, mtoto analia. Akasema, "Huyo wa kwetu," akakata. Hezekia hakurudi Tanga. Viganja vyake sasa vinaweza kuwashia kiberiti.

*

Msimulizi alipofika hapa juzi, hotelini kwa Salma, alitulia kama kawaida ili watu wapumue. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ugoro wake, akagonga kifuniko mara mbili, akavuta.

Salma alikuwa akimimina chai. Akasimama na birika hewani.

"Mzee. Shangazi yako wa Korogwe alipona?"

"Alipona, mwanangu, Mungu mkubwa."

"Alhamdulillah. Na hicho kikopo chako kilibonyea lini ubavu?"

Msimulizi akakifunika kwa kiganja, lakini kiganja cha mzee hakifuniki kitu kizima.

"Hiki? Hiki ni cha fedha, mwanangu. Nimekirithi."

Salma akakichukua, akakikwaruza kwa ukucha, akamwonyesha mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, mwenye viganja vya magome, ambaye siku zote husikiliza hadithi hii bila kusema neno.

"Baba Hezekia, ni fedha?"

Mzee akakigonga mezani. Hakikulia *kling*.

"Bati," akasema. "Kina kutu. Nilikiona siku ile, kwenye kanga, nikajiuliza ni mshenzi gani huyu."

"Chapati ngapi, Salma?" akauliza msimulizi.

"Anza na waliomo ndani," akasema Salma. "Mimi natoka nje kuhesabu wa dirishani."